Maharage ya Mama Mkwe Kwenye Mlingoti wa Shule

Jumatatu, 2 Februari

Daftari hili lilikuwa la Prudence, la hesabu, la mwaka jana. Kurasa za nyuma zilibaki tupu nami siachi karatasi ilale bure. Sikusoma shule hata siku moja. Herufi nilipewa na katekista ili niweze kufuata nyimbo kanisani, na tangu hapo nasoma chochote kinachokaa mbele yangu: gunia la mbolea, kanga ya mtu, tangazo la mnada.

Sasa habari. Mjukuu wangu Prudence, miaka kumi, darasa la nne, leo kaniomba jembe. Nikamuuliza la nini. La shule! Nikamwambia shule ni ya kalamu, jembe liko nyuma ya mlango tangu azaliwe na hajawahi kulitamani. Akasema ni mtaala mpya. Kila mwanafunzi anapewa tuta lake, anapanda maharage, anayapima kwa rula, anaandika kwenye daftari.

Kwa rula! Miaka hamsini nalima maharage, sijawahi kuyapima kwa kitu kingine zaidi ya sufuria.

Jioni Deborah akapiga simu kutoka Kibondo. Deborah ni binti yangu, mama yake Prudence, anauza vitenge sokoni kule. Mtoto aliniachia akiwa na miaka miwili, nikamlea. Sasa Deborah amesikia habari za mtaala na amechafukwa. Kwanza, msingi ni miaka sita badala ya saba, mtoto wa miaka kumi na miwili atapelekwa sekondari ya wapi na miguu gani? Pili, Kiingereza kiko wapi? Tatu, hakumpeleka mtoto shule akashike jembe. Karibu na kwake kuna shule ya kulipia, ina basi la njano. Mkutano wa wazazi huku kwetu ni tarehe 18 Aprili. Atakuja. Asiporidhika, anaondoka na mwanawe.

Nikamwambia sawa, nikakata simu.

Sawa gani! Nyumba hii bila Prudence? Nani ataniambia nimevaa sweta kinyume?

Uamuzi: Deborah lazima aridhike. Namna: bado naifikiria.

Jumatano, 4 Februari

Nimekwenda shuleni kuona hayo matuta. Kilomita mbili kwa magoti haya. Matuta themanini yamezunguka mlingoti wa bendera, maana ndiyo sehemu pekee yenye uzio na mbuzi hawaingii. La Prudence liko chini ya mlingoti kabisa. Vizuri. Litaonekana.

Mbegu wamepewa na shule. Fupi, za dukani, zimepakwa dawa nyekundu kama midomo ya bi harusi. Sikusema neno. (Nilisema kidogo.)

Mwalimu wao anaitwa Fidele. Kijana mwembamba mpaka unamhurumia shati. Wazazi tulimzunguka kama nyuki. Mmoja akauliza mbona kitabu kimoja wanasoma watoto sita. Mwingine akauliza hiyo amali ya sekondari ni nini, mwanawe aende shule arudi fundi cherehani? Mwalimu akajibu kwa upole kwamba hata yeye mtaala aliuona juzi, semina ilikuwa siku tatu, siku moja ikaisha kwenye kutafuta projekta. Nikampenda hapo hapo. Mtu asiyejua na akasema hajui, unampikia.

Kuruthumu naye alikuwepo. Kuruthumu ni jirani yangu, anauza mawese na dagaa, mjukuu wake Claude yuko darasa moja na Prudence. Akanisalimia mwakeye na makofi yote ya heshima, huku macho yako kwenye tuta la Claude. Akasema tuta la Claude limenyooka. Nikasema la Prudence linapata jua. Akasema tutaona yatakapoota. Nikasema tutaona.

Vita imeanza. Tumeagana kwa kukumbatiana.

Jumapili, 15 Februari

Msiba!

Baada ya misa nilipita shuleni. Maharage ya Claude yana majani manene, unaweza kufungia samaki. La Prudence: vijiti viwili vimenyong'onyea. Nikamuuliza mtoto amefanya nini. Akasema huyafukua kila asubuhi kuona mizizi imefika wapi, anapima, anarudisha.

Nikamwambia mwana wanje, hata wewe ningekuchomoa kitandani kila alfajiri nikupime miguu ungenyong'onyea. Akafikiri. Akaliandika!

Deborah akija akaona vijiti hivi mbele ya Claude, basi la njano litapata abiria.

Nimekaa jikoni nikawaza. Halafu nikainua macho, chungu cha mbegu kiko juu ya dari la moshi kinanitazama.

Lazima nieleze. Kila mwanamke wa huku ana chungu chake cha mbegu, maharage ya rangi zote yamechanganywa na majivu, na ukimwonyesha mtu mzima kiganja kimoja tu atakuambia yametoka jiko la nani. Changu kina zile za mama mkwe. Nyeusi, zina doa jeupe kama jicho la mbuzi. Alinipa siku niliyoolewa, akasema nisimpe mtu. Zinapanda mti mpaka zikutane na ndege. Ukila bakuli moja asubuhi unafika Kasulu mjini na kurudi hujauliza chakula. Kuruthumu ameniomba mbegu hizo kwa miaka thelathini. Miaka thelathini nimemwambia mwaka huu zimeliwa na wadudu.

Nimezichagua sita. Nimezipanda kwenye vikopo vya maganda ya mgomba, nyuma ya jiko, zimefunikwa na ungo. Zikiota nazihamisha na udongo wake, hata hazitajua zimehama.

Siyo udanganyifu. Ni kumsaidia mtoto na masomo. Mwalimu mwenyewe alisema wazazi washiriki.

Jumapili, 22 Februari

Nimefanya!

Kanisani nilituma salamu kwamba goti limekataa. (Goti halijakataa. Mungu analijua goti langu, hatagombana nami.) Kapu kichwani, ungo juu yake, sufuria mkononi. Sufuria ni ya mlinzi, mzee Nduwayezu. Mlinzi mwenye njaa huona kila kitu, akishiba huona kiasi.

Alikuwa peke yake, ameketi mlangoni. Nikampa ugali wa muhogo na maharage, nikamwambia nimeona Jumapili anakaa mwenyewe roho ikaniuma. Kusema kweli iliniuma. Mkewe alitangulia mwaka juzi na tangu hapo anapika kama anayejiadhibu. Akala ameugeukia ukuta, kama wazee wa zamani walivyokula mbele ya mwanamke. Nami nikageukia tuta.

Vijiti viwili nje. Miche sita ndani. Nikamwagia maji ya kibuyu. Dakika kumi! Kandambili yangu ya kushoto, ile niliyoishona kwa waya, ikanasa kwenye tope, nikaichomoa. Nikafukia maganda ya mgomba. Nikapita mlangoni, mzee Nduwayezu akasema hajaona kitu. Sikuwa nimemuuliza.

Nimerudi nyumbani naimba. Mimi ni mtu hatari.

Jumatatu, 23 Februari

Prudence amerudi kutoka shuleni. Nikamuuliza maharage vipi. Akasema yanaendelea. Nikamuuliza yanaendeleaje. Akanitazama. Akatazama miguu yangu. Akatoa daftari akaandika mistari mingi, ulimi nje.

Nadhani ana furaha sana.

Jumamosi, 14 Machi

Deborah kapiga simu. Nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima namfundisha Prudence jambo moja: mama yako akiuliza Kiingereza, usijibu kwa Kiswahili, hata neno. Mtoto akachukua simu, akatiririka. Mzizi kwa Kiingereza, shina kwa Kiingereza, jani, ua, tumba, udongo, mbolea ya ng'ombe. Mimi nyuma napiga makofi.

Deborah akaomba mtoto amsalimie kwa Kiingereza. Prudence akasema hawajafika kwenye salamu, wako kwenye mimea.

Simu ikarudi kwangu. Deborah akasema, Mama, huyu ataweza kuzungumza na mgomba tu. Nikamwambia migomba iko mingi kuliko Wazungu. Hakucheka. Zamani angecheka. Mwanangu huyu ana hofu ya kweli, siyo maringo. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba kwa sababu sekondari ilikuwa mbali na baba yake, Mungu amrehemu, alikataa. Analilia hiyo miaka mpaka leo, chini ya vitenge.

Nimekosa usingizi wa mchana kwa ajili hiyo.

Lakini maharage yamefika kiunoni! Nimeyapelekea vijiti. Prudence amekataa vijiti, anasema anataka kuona yataenda wapi yenyewe. Mwalimu Fidele ameandika kwenye daftari lake kwa wino mwekundu: vizuri sana. Nimemtumia mwalimu sufuria. Shati limeanza kumkaa.

Jumamosi, 28 Machi

Shule imefungwa kwa Pasaka. Claude yuko kwangu tangu asubuhi, nyanya yake amekwenda Nyakitonto kufuata mawese. Kala sahani tatu. Huyu ni mjukuu wa adui, lakini tumbo lake halihusiki na hayo. Akaniambia ya Prudence yameshika mlingoti. Anasema yanazunguka, yanazunguka, kama mtu anayefunga mzigo.

Nikamwongeza sahani ya nne kwa furaha. Kupanda mlingoti wa serikali! Mama mkwe wangu angeona.

Jumatano, 8 Aprili

Mana yanje, Mungu wangu.

Shule imefunguliwa leo. Saa moja na nusu, watoto mstarini, wimbo wa taifa, wanafunzi wawili wanavuta kamba ya bendera. Bendera ikapanda. Ikafika katikati. Ikakwama. Haipandi, haishuki. Siku zote za likizo hakuna mtu aliyegusa ile kamba, na maharage ya mama mkwe wangu yalikuwa yameshaifunga mpaka kule juu kwenye kigurudumu chake.

Bendera nusu mlingoti! Mwenye bodaboda akapita, akaona, akasimama, akavua kofia. Akapakia habari pamoja na abiria wake akaenda nayo mpaka Heru Juu. Kufika saa tatu wanawake wamejifunga kanga viunoni. Muuza duka akateremsha muziki. Kuruthumu alikuja kwangu analia machozi ya kweli, akanikumbatia, tukalia pamoja vizuri kwa muda mrefu, ndipo akaniuliza ni nani aliyekufa. Nikamwambia nilidhani yeye ndiye anajua.

Tukaenda shuleni kuuliza. Mwalimu mkuu yuko juu ya meza, juu ya meza kuna kiti, juu ya kiti kuna mzee Nduwayezu na kisu. Watu wamejaa uzio mzima, wengine wameshaanza kuchanga kuni za msiba. Mwalimu mkuu akawatangazia kwamba hakuna aliyekufa, ni maharage. Mzee mmoja akauliza maharage ya nani, apewe pole.

Walitaka kuyakata yote. Hapo Mwalimu Fidele akaomba radhi, akasema huu ndio mmea bora katika matuta themanini. Wakakata ncha tu iliyoshika kamba. Bendera ikapanda. Watu wakapiga vigelegele, maana vilikuwa vimeshaandaliwa kwa kazi nyingine.

Nilipiga vigelegele kuliko wote. Niligeuka kumtazama Kuruthumu. Kuruthumu hakuwa anatazama bendera. Alikuwa ametazama chini, kwenye maua. Maua ya zambarau iliyoiva, mdomo mweupe.

Alikuja nayo nyumbani hayo macho.

Alhamisi, 9 Aprili

Kuruthumu amekuja saa mbili asubuhi na dagaa wa bure. Kuruthumu! Wa bure! Akakaa. Akasema mbegu za shule siku hizi ni nzuri sana, Mama Deborah. Nikasema serikali imejitahidi. Akasema zina ua la zambarau kama zile za marehemu mama mkwe wangu zilizoliwa na wadudu. Nikasema maua ya zambarau ni mengi duniani. Akasema hasa yenye mdomo mweupe. Nikamwuliza chai anaweka sukari ngapi. Ananijua miaka thelathini, anajua najua sukari zake.

Anajua.

Mpango mpya: kukata maua yote kabla ya mkutano. Yakibaki majani, majani hayana ushahidi.

Ijumaa, 10 Aprili

Nilikwenda na kisu ndani ya kitenge. Nikakuta ulinzi! Tangu ile Jumatano watoto wamejipangia zamu, wanne wanne, wanalinda mmea wa mlingoti dhidi ya mbuzi, kuku na walimu. Waliponiona wakanipigia makofi ya mwakeye, wakaniletea kigoda, wakanionyesha ua moja moja kwa jina. Wameyapa majina! Moja linaitwa Bibi.

Nani angekata?

Nilimenya muhogo kwa kile kisu, tukala wote. Maganda ya maharage yameshaanza kutoka. Nimekwisha.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika huku bado nacheka.

Deborah alifika na basi la asubuhi, kitenge kipya, uso wa kazi. Hakukaa hata kidogo, tukaenda moja kwa moja. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwalimu mkuu akaeleza mtaala. Wazazi wakaeleza hasira. Baba mmoja alisema yeye alisoma miaka saba na bado hajui kugawanya, sasa huyu wa miaka sita atagawanya nini? Mama mwingine akasema mwanawe karudi nyumbani akamwambia kufagia ni somo, akadai maksi.

Kisha Deborah akasimama. Mwanangu, nilijivuna hata kama ni adui siku hiyo. Akasema yeye hana ugomvi na jembe, amekua nalo. Anachotaka kujua ni kitu kimoja. Mtoto wake anatoka hapa na nini kichwani ambacho hangekipata kwa bibi yake shambani bila sare wala rula?

Swali zuri sana. Hata mimi nilitaka jibu.

Mwalimu Fidele akasema la miguu ya watoto na sekondari ya mbali hana jibu, ameliandika na atalipeleka juu. La kichwani, aulizwe mtoto mwenyewe. Akamwita Prudence na daftari lake. Mimi mstari wa mbele, natabasamu, nimekaa kama mama wa bi harusi. Nilijua kinachokuja: vipimo, sentimita, wino mwekundu, Deborah analia, basi la njano linaondoka tupu.

Prudence akasoma. Nimelichukua daftari nalinakili hapa kama lilivyo, nisije nikaambiwa naongeza chumvi.

"Siku ya 6. Mimea miwili. Nimefukua kuona mizizi. Sentimita tatu.

Siku ya 12. Mimea inakufa. Sababu: mimi. Bibi amesema nisifukue. Nimeacha.

Siku ya 17, Ijumaa. Mimea miwili, inakaribia kufa.

Siku ya 20, Jumatatu. Mimea sita, mizima. Maharage hayazai maharage kwa siku tatu. Udongo wa tuta langu umeloa, ya wenzangu ni makavu, kwa hiyo siyo mvua. Kuna kipande cha ganda la mgomba. Shuleni hakuna mgomba. Kuna nyayo za kandambili, ya kushoto ina alama ya waya. Nimepima nyayo: sentimita ishirini na tatu. Nimefika nyumbani nimepima kandambili ya Bibi alipokuwa anaota jua: sentimita ishirini na tatu. Ina waya. Nyuma ya jiko kuna maganda ya mgomba yamefunikwa na ungo.

Hitimisho: Bibi."

Lile darasa lilipasuka. Watu walioko madirishani walidondoka. Mwenye mtoto anayefagia alifagia sakafu kwa mgongo wake. Mwalimu mkuu akaomba utulivu huku amejifunika uso kwa mtaala. Mzee Nduwayezu akasimama bila kuitwa akaapa kwamba siku ile hakuona kitu, halafu akauliza kama Jumapili hii pia kutakuwa na sufuria.

Prudence akasubiri wanyamaze. Mtoto mtulivu! Akasema hakufuta kwa sababu mwalimu aliwaambia andikeni mnachokiona, siyo mnachokitaka. Na aliendelea kuipima ile sita kwa jina lake halisi, mimea ya Bibi, mita tatu na sentimita arobaini mpaka juu ya mlingoti, na miwili ya kwake aliiandika imekufa. Akaomba apewe maksi za ile miwili.

Nilimtazama Deborah. Alikuwa amejikunja juu ya dawati, mabega yanaruka. Nikafikiri analia. Alikuwa analia, lakini kwa kucheka, mpaka kitenge kipya kikalowa. Akainuka akasema swali lake limejibiwa. Kwamba yeye ameishi na mimi miaka kumi na minane na hakuwahi kunikamata hata mara moja, na huyu kanikamata kwa rula. Akasema mtoto atabaki mpaka amalize la sita. La sekondari ya mbali hajalisamehe, watu wa juu wajiandae, atakuja kila mkutano.

Atabaki! Nilinyanyuka nikasahau goti, nikamkumbatia Deborah, nikamkumbatia mwalimu, nikamkumbatia baba asiyejua kugawanya.

Ningeondoka hapo hapo, siku ingekuwa kamili. Lakini Kuruthumu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akauliza kwa sauti ya asali: mazao ya matuta ni ya nani? Mwalimu mkuu akasema kwa utaratibu, kilichoota kwenye bustani ya shule ni cha shule, na mbegu zitagawiwa kwa wanafunzi wote themanini wakapande kwao.

Themanini! Nyumba themanini! Claude akiwemo!

Kuruthumu akapiga makofi ya mwakeye, polepole, akiniangalia mimi tu. Miaka thelathini, mama mkwe, na nimekusaliti mbele ya bendera ya taifa.

Jumapili, 19 Aprili

Deborah amerudi Kibondo. Usiku alilala kwangu mkekani, katikati Prudence, kama zamani. Akaniuliza kwa nini sikumwambia tu kwamba siwezi kukaa bila mtoto. Nikamwambia angeniona mnyonge. Akasema kila mtu kwenye ule mkutano ameniona ninavyoonekana na bado wamenipenda. Nikamwambia anyamaze ale maharage.

Kabla ya basi kuondoka akanifunga kile kitenge kipya mwilini mwangu. Nililia kidogo. Vumbi la stendi ni kali.

Kuruthumu amepita na dagaa, safari hii kwa bei yake ya kawaida. Amani imerudi. Akasema akivuna mwakani nikihitaji mbegu nisione haya kumwomba.

Jumanne, 28 Aprili

Mradi wa maharage umeisha, wameingia mradi wa kuku. Kila mtoto analea kifaranga, anampima uzito kila wiki, mkutano mwingine ni Juni. Kifaranga cha Prudence kiko hapa jikoni. Nimekitazama vizuri. Shingo kama uzi. Kinapiga chafya.

Kuruthumu ana vifaranga rangi ileile kabisa, wakubwa kwa wiki mbili. Vifua!

Sasa mimi siyo mtu wa kurudia makosa. Nimekaa nikatafakari yaliyotokea, kwa makini, jambo baada ya jambo, na nimeona nilipokosea. Ilikuwa kandambili. Zile zenye waya nimezitupa chooni. Leo mchana nimeazima za Kuruthumu mwenyewe, nimemwambia zangu zimekatika. Nyayo zikionekana kwenye banda la Kuruthumu ni za Kuruthumu. Nani atamshangaa mtu kwenye banda lake?

Nilikuwa nacheka peke yangu nikaona daftari jipya la Prudence liko mezani, limefunguliwa. Nikasoma. Siachi karatasi ilale bure.

"Mradi wa kuku. Siku ya 1. Kifaranga: gramu thelathini na nane. Bibi: kandambili za kuazima."

Sawa.

Kesho naenda peku.